Nyumba ya Kupumzisha Moyo: Historia ya Mafungo ya Uponyaji kutoka Bad Boll hadi Lutindi

Neno "mafungo" limekuwa la kawaida katika sharika za Kilutheri. Akina mama huenda mafungo, vijana huenda mafungo, na wachungaji na wainjilisti hukutanika kwa siku kadhaa katika kituo cha Kanisa ili kusoma Neno, kuomba na kupumzika. Miongoni mwao huwamo wenye majeraha yasiyoonekana kwa macho: mjane ambaye msiba wake haujaisha moyoni ingawa matanga yalikwisha zamani, kijana aliyekata tamaa, mtumishi aliyehudumia wengine mpaka yeye mwenyewe akaishiwa nguvu. Hao hawaendi kwa ajili ya masomo tu. Huenda wakitumaini kurudi wakiwa wamefanywa upya.

Katika mwaka wa jubilei ni vema kuuliza desturi hii ilitoka wapi, na wale walioianzisha walijifunza nini, hata kwa makosa. Maana haikuanza kwa urahisi. Ikumbukwe kwamba Kanisa la Kilutheri lilizaliwa na watu waliotoka katika nyumba za watawa, si watu waliokuwa wakiingia humo.

Luther na wenye huzuni

Martin Luther aliingia katika nyumba ya watawa Waaugustino huko Erfurt mwaka 1505. Mwaka 1521 aliandika kitabu cha kupinga nadhiri za utawa, na katika nchi zilizopokea matengenezo ya Kanisa nyingi za nyumba hizo zilifungwa. Pamoja na mambo yaliyostahili kuondolewa, waumini walipoteza pia mahali pa kujitenga kwa muda na shughuli za dunia.

Si kwamba Luther hakuwajali wenye uchungu wa moyo. Yeye mwenyewe aliijua huzuni nzito. Mwaka 1530, alipokuwa akikaa katika ngome ya Coburg, alimwandikia barua Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, ambaye alikuwa amelemewa na huzuni. Shauri lake kubwa lilikuwa kwamba asikae peke yake. Atafute watu, azungumze nao, hata afanye mzaha, kuliko kujifungia na mawazo yake. Kwa Luther, faraja ya Mungu humfikia mtu kwa kinywa cha jirani. Lakini jirani huyo akutwe wapi, na kwa muda gani, ikiwa mgonjwa anahitaji majuma au miezi? Swali hilo lilikaa kwa muda mrefu bila kupata nyumba.

Kijiji cha Möttlingen

Mwaka 1838 mchungaji kijana, Johann Christoph Blumhardt, aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1805, aliwekwa katika usharika mdogo wa Möttlingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha katika chuo cha wamisionari cha Basel. Katika usharika huo alikuwamo msichana aliyeitwa Gottliebin Dittus. Mwaka 1842 ilijulikana kwamba anateseka kwa namna ambayo haikueleweka, na daktari aliyemtibu alishindwa kueleza sababu.

Blumhardt hakukimbilia jambo hilo. Kwa muda alisita, na alipokwenda hakwenda peke yake. Alifuatana na mkuu wa kijiji na mashahidi wengine, ili lisitendeke jambo lolote sirini. Kwa karibu miaka miwili alimtembelea na kuomba pamoja naye. Mwishoni mwa Desemba 1843 mateso yalikoma, na kilio cha saa ile kilichomtangaza Yesu kuwa mshindi kilibaki kuwa wito wa Blumhardt na wa nyumba yake kwa miaka yote iliyofuata. Wapo walioliona jambo hili kuwa vita na pepo, na wapo walioliona kuwa ugonjwa wa nafsi. Wote wawili hukubaliana juu ya jambo moja, kwamba mtu mmoja aliyeteseka hakuachwa.

Mwaka 1844 uamsho ulienea kijijini. Watu walimwendea mchungaji mmoja mmoja, wakaungama dhambi na siri zilizowalemea. Wengine walisema kwamba pamoja na mzigo wa dhamiri, maradhi yao pia yalipungua. Ndipo wageni wakaanza kufika kutoka mbali, na nyumba ya mchungaji ikawa ndogo.

Hapo wakubwa waliingilia kati. Blumhardt alitakiwa kuwaelekeza wagonjwa kwa matabibu na kutochanganya uponyaji na uchungaji, na mwaka 1846 alikatazwa kuwapokea wagonjwa wa nje nyumbani kwake. Alitii. Hata hivyo, watu hawakuacha kuja. Ilionekana wazi kwamba kazi hii ilihitaji nyumba yake yenyewe.

Bad Boll: nyumba yenye meza moja

Nyumba hiyo ilipatikana mwaka 1852. Chini ya milima ya Swabia palikuwa na chemchemi ya maji ya kiberiti, mahali paitwapo Bad Boll, ambapo mtawala wa Württemberg alijenga nyumba ya kuogea wagonjwa mwaka 1595. Baadaye mfalme aliongeza jengo kubwa, lakini biashara haikustawi. Blumhardt, kwa msaada wa marafiki, alilinunua jengo hilo, akahamia humo na jamaa yake. Gottliebin Dittus alihamia pamoja nao, naye akawa mmoja wa wasaidizi wa nyumba mpaka kifo chake mwaka 1872. Aliyekuwa mgonjwa wa kwanza akawa mhudumu wa wagonjwa.

Mgeni aliyefika Bad Boll hakukuta jukwaa wala umati uliokuwa ukingoja muujiza. Alikuta utaratibu wa nyumba. Asubuhi palikuwa na ibada. Chakula kililiwa pamoja, na mchungaji mwenyewe alikaa mezani na wageni wake, akazungumza nao, akajibu maswali yao juu ya Maandiko. Mtu wa ukoo mkubwa na mtu wa hali ya chini waliketi katika nyumba moja. Aliyetaka kusema jambo la moyoni alipata nafasi ya kuonana na Blumhardt faraghani. Saa zilizobaki zilikuwa za kutembea, kupumzika, kusoma na kuwa kimya.

Utaratibu huo unakumbusha habari za nabii Elia chini ya mretemu. Kabla Mungu hajamwuliza neno lolote, mtu aliyetaka kufa alipewa kwanza usingizi, mkate na maji, na alipewa mara mbili. Bad Boll ilifuata njia hiyo hiyo. Wengi walikaa kwa majuma au miezi, si kwa usiku mmoja.

Mwana aliyekataa umaarufu

Baba alifariki mwaka 1880, na mwanawe, Christoph Friedrich Blumhardt, akashika uongozi. Sifa za uponyaji zilimfuata kokote alikohubiri, na mwaka 1888, alipokwenda Berlin, umati mkubwa ulimsonga. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alihofu. Aliona kwamba wengi wanatafuta afya tu, wala hawautafuti Ufalme wa Mungu, akajiondoa katika mikutano ya namna hiyo. Moyo wake ukaelekea zaidi kwa mateso ya wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1899 alijiunga na chama cha wafanyakazi, jambo lililomgharimu cheo chake cha uchungaji, na kuanzia mwaka 1900 hadi 1906 alikuwa mbunge katika bunge la Württemberg. Alikuwa amejifunza kwamba moyo wa mtu hauponi vizuri ikiwa mshahara wake na makao yake vinaendelea kumvunja.

Historia ya kweli haina budi kutaja pia pale nyumba iliposhindwa. Mwezi Mei 1892 aliletwa Bad Boll mvulana wa miaka kumi na minne, Hermann Hesse, mjukuu wa mmisionari wa India, aliyekuwa ametoroka katika seminari ya Maulbronn. Wazazi wake walitumaini kwamba maombi na hewa njema vitamtuliza. Mwezi uliofuata alijaribu kujiua. Alihamishiwa katika taasisi ya Stetten iliyowatunza wagonjwa wa akili na wenye kifafa. Mvulana huyo aliishi, akawa mwandishi mashuhuri, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Lakini Juni ile ya 1892 inabaki kuwa onyo. Si kila jeraha huponywa na utulivu wa nyumba njema, na mwenye kuhatarisha maisha yake anahitaji uangalizi na utabibu, si maneno mazuri tu.

Christoph Blumhardt alifariki mwaka 1919. Mwaka 1920 nyumba ilikabidhiwa kwa Kanisa la Moravian, lile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwaka 1891. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, mnamo Septemba 1945, Kanisa la Kilutheri la Württemberg lilianzisha hapo Bad Boll Akademia ya Kiinjili, mahali ambapo watu wa taifa lililoangamia kwa hatia yake waliweza kuketi pamoja na kusema yaliyotendeka.

Bethel na mlima wa Lutindi

Wakati Bad Boll ikipokea waliochoka, nyumba nyingine ya Kiinjili kaskazini mwa Ujerumani ilipokea wale ambao hakuna aliyewataka. Mwaka 1867 kilianzishwa karibu na mji wa Bielefeld kituo cha watu wenye kifafa, na mwaka 1872 mchungaji Friedrich von Bodelschwingh akawa kiongozi wake. Kikaitwa Bethel, yaani nyumba ya Mungu. Pale mgonjwa hakufungiwa chumbani. Alipewa makao, ibada, walezi na kazi inayolingana na nguvu zake, shambani au karakanani, kwa imani kwamba mtu anayehitajiwa na wenzake huanza kujiona tena kuwa mtu.

Bodelschwingh alijiunga pia na uongozi wa chama cha misioni kilichotuma watumishi Usambara, ambako kazi ilianza Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1896, juu ya mlima wa Lutindi, katika eneo la Korogwe, chama cha Kiprotestanti cha Ujerumani kilichopinga utumwa kilifungua makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mashemasi waliofundishwa Bethel ndio waliohudumu hapo. Watoto wale walikuwa wametengwa na wazazi wao, na wengine hawakujua hata kwao ni wapi. Hivyo nyumba ya Lutindi, tangu siku yake ya kwanza, ilikuwa nyumba ya mioyo iliyovunjika.

Mwaka 1904 nyumba hiyo ilianza kupokea wagonjwa wa akili, nayo huhesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika Mashariki. Jambo hilo lina uzito wake. Mahali pengi mgonjwa wa akili aliyekuwa mkali alifungwa kamba au minyororo, na jamaa zake, kwa hofu na aibu, hawakuona njia nyingine. Lutindi ililetea milima ya Usambara njia ile ya Bethel: kitanda, chakula, sala, na kazi ya mikono. Hospitali hiyo imeendelea chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na kilimo, mashamba ya chai na karakana vimekuwa sehemu ya matibabu pamoja na dawa za daktari.

Urithi kwa sharika

Nyumba hizi hazikufanana. Bad Boll ilikuwa ya mapumziko na uchungaji, Bethel na Lutindi zilikuwa za matunzo ya muda mrefu. Hata hivyo, zilishika mambo yale yale, na mambo hayo ndiyo kipimo cha mafungo yoyote yanayodai kuponya moyo.

La kwanza ni muda. Gottliebin Dittus aliombewa kwa karibu miaka miwili. Mtu akiambiwa mbele ya mkutano kwamba amepona, kisha arudi nyumbani na kukuta huzuni inamngoja mlangoni, huongezewa mzigo wa pili, yaani aibu ya kuonekana hana imani. La pili ni siri. Yaliyosemwa kwa mchungaji faraghani hayakufanywa ushuhuda wa kusimuliwa na wengine. La tatu ni meza na kazi, maana mwenye majeraha hahitaji kuhudumiwa tu, bali huhitaji pia kupewa nafasi ya kuhudumia, kama Gottliebin alivyopewa. La nne ni heshima kwa utabibu. Amri ya mwaka 1846 ilimwuma Blumhardt, lakini yaliyompata kijana Hesse mwaka 1892 yalionyesha kwamba sala na daktari si wapinzani, na kwamba kumcheleweshea mgonjwa matibabu kwa jina la imani si imani.

Usharika uliotimiza miaka mia moja umezika wengi, umebatiza wengi, na umeona machozi mengi ambayo hayakuandikwa katika vitabu vyake. Kila Jumapili wako wanaoimba wakiwa wameketi karibu na watu mia, lakini wako peke yao. Kwa ajili ya hao Luther aliandika barua yake kutoka Coburg, na kwa ajili ya hao milango ilifunguliwa Bad Boll na Lutindi. Si kila usharika utaweza kujenga nyumba mlimani. Lakini hakuna usharika usioweza kumwandalia mtu aliyechoka kiti, chakula, masikio yanayosikiliza, na siku za kutosha.