Mizani ya Pamba, Mizani ya Dhahabu, na Waundaji wa Programu

Atakaye kuandika tarikhi ya mikutano ya mafundi wa kompyuta katika nchi ya Shinyanga na Geita hana budi kuanza mbali na kompyuta yenyewe, kwa kuwa watu wa nchi hiyo walikwisha kukusanyika na kuhojiana juu ya chombo cha kupimia kabla hajazaliwa hata mmoja wa vijana ambao leo hupanda basi kwenda kushinda siku nzima katika maonesho ya teknolojia ya madini mjini Geita. Chombo hicho kilikuwa mizani ya pamba. Mkulima wa Usukuma alikuwa akifikisha mzigo wake kwenye kituo cha kununulia, akamkabidhi mfanyabiashara ambaye ndiye mwenye mizani, ndiye msomaji wa mizani, na ndiye mwenye fedha. Na pale mambo hayo matatu yalipokuwa mikononi mwa mtu mmoja, muuzaji alirudi nyumbani na shaka ambayo hakuwa na njia ya kuithibitisha wala ya kuiondoa. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa nguvu mwanaushirika Paul Bomani na wenzake katika Jimbo la Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo halikuchukua miaka mingi kuwa mnunuzi mkuu wa pamba ya jimbo zima. Wakulima hawakudai kuvumbua mizani mpya. Walidai kuiona ikisomwa, na msomaji awe wa upande wao.

Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962, na wizara hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kompyuta ya kwanza ya Serikali, mwaka 1965. Haikudumu katika heshima. Hesabu zilikorogeka, gharama zikazidi manufaa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake pasipo idhini mahususi. Wako wanaoicheka amri hiyo hata leo. Mimi siicheki sana, maana kuikataa mashine ambayo huna mtu wa kuikagua si upumbavu mtupu, ijapokuwa dawa ya kweli ingekuwa kuwafundisha wakaguzi, na hao walichelewa mno kupatikana.

Katika nchi ya madini, elimu ya mitambo ilikaa nyuma ya uzio. Mgodi wa Geita uliofanya kazi tangu 1936 hadi 1966, ukatoa takriban wakia milioni moja za dhahabu, uliwaajiri watu wa vijiji vya jirani kwa mikono yao, ilhali siri ya uchenjuaji ilibaki kwa wenye ofisi. Huko Mwadui, alikogundua almasi Mkanada John Williamson mwaka 1940, uzio ulikuwa mkali zaidi, na mji mzima wenye uwanja wake wa ndege na hospitali yake ukakua ndani yake, Shinyanga yenyewe ikiwa mtazamaji. Kampuni ya Ashanti ilipofungua mgodi mpya wa Geita mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, kompyuta zilikwisha kuwa ndizo zinazochora miamba chini ya ardhi. Lakini uzio ulikuwa ni ule ule.

Nje ya uzio palikuwa na madrasa ya namna nyingine. Mchimbaji mdogo alijifunza duarani, yaani shimoni, na mwaloni, penye kuchenjulia: namna ya kukaza matimba, namna ya kuisikiliza karasha, mashine ya kusagia mawe, ikipiga kombo, kiasi cha zebaki kitoshacho, na thamani ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ambayo mwenye haraka huyatupa. Kila ilipovuma habari ya dhahabu mpya, maelfu walihamia huko, na fundi wa Kakola akakutana na fundi wa Rwamgasa, wakabadilishana kwa siku chache hekima ambayo hakuna chuo kingewapa kwa mwaka. Nasema hivi bila kuisifu zebaki, ambayo madhara yake kwa wachomaji na kwa watoto wao yanajulikana.

Programu za kompyuta zilimfikia mchimbaji huyu rasmi mwaka 2015, wizara yenye dhamana ya madini ilipofungua mfumo wa kuombea na kulipia leseni kwa njia ya mtandao. Faida yake ni dhahiri, kwa sababu maombi mawili juu ya ardhi moja yanagundulika mapema. Lakini leseni ndogo, ambayo haizidi hekta 10, sasa ilikuwa ni pembe nne za namba za ramani, na aliyekuwa akiujua mpaka wake kwa mti wa mkwaju na kichuguu akajikuta anamlipa kijana wa dukani amsomee ardhi yake mwenyewe.

Mwaka 2018 yalitokea mambo mawili ambayo ningependa msomaji ayatazame pamoja. Mwezi wa Agosti, katika Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, ulifanyika mkutano wa dunia wa FOSS4G, yaani wa waundaji wa programu huria za ramani, ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzifungua, kuzisoma na kuzitengeneza. Na mwaka huo huo Geita ikaanzisha maonesho yake ya teknolojia ya madini, ambayo tangu hapo yamekuwa ada ya kila mwaka. Kusanyiko la kwanza lilikuwa na jawabu la swali la zamani la wakulima wa pamba, la nani aisome mizani, nalo la pili lilikuwa na watu wenye swali hilo. Baina yao palikuwa na kilomita zaidi ya elfu moja za barabara.

Machi 2019 swali likawa la lazima, kwani soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata mikoani, Shinyanga ikiwamo. Humo dhahabu hupimwa uzito kwa mizani ya kielektroniki na usafi wake kwa mashine ya miale, bei hufuata soko la dunia, na mrabaha pamoja na ada ya ukaguzi (mwaka 2019 asilimia 6 na asilimia 1) hukatwa papo hapo. Naliona soko hilo kuwa insafu kubwa kuliko biashara ya gizani iliyokuwapo. Hata hivyo muuzaji huona namba tu kwenye kioo, wala haoni ilikotoka.

Kwa hiyo mwundaji wa programu anayekwenda viwanja vya Bombambili, yanakofanyika maonesho ya Geita, kwa siku moja asiipoteze siku hiyo. Aghalabu hufika asubuhi, hupita mabanda ya benki na ya migodi mikubwa, hupewa fulana na vipeperushi, husikiliza hotuba ya mgeni rasmi iliyochelewa kwa saa mbili, kisha jioni huonesha simu yake kwa waundaji wenziwe, ambao tangu zamani wanakubaliana naye. Wachimbaji wako mita chache tu kutoka pale, wamezunguka karasha mpya wakiuliza inakula mafuta kiasi gani, na ndio watu wanaouliza vizuri kuliko wote uwanjani.

Nawasihi viongozi wa GEREMA, chama cha wachimbaji wa Mkoa wa Geita, na wenzao wa Shinyanga wasingoje kualikwa katika majadiliano ya waundaji hao. Wachange, wamwajiri kijana mmoja wa Katoro au Kahama aliyesoma fani ya programu, wampe kazi ya kuhoji kila mfumo unaoletwa kwa wanachama wao, unapima nini, unakata nini na unahifadhi majina ya nani, na ripoti yake isomwe kwa Kiswahili mbele ya wenye maduara kabla chama hakijatia saini.