Kutoka meza ya mhasibu hadi simu: nani aliyewabadilisha watu wa ofisi za pesa?

Nyalukemba, Bukavu – Leo wakaaji wengi wa Nyalukemba, komini ya Ibanda, wanapokea pesa kwa simu kama jambo la kawaida. Lakini mtumishi wa serikali wa miaka ya 2000 anakumbuka siku nyingine. Alipanga foleni mbele ya meza ya mhasibu, akaitwa jina, akatia sahihi kwenye listi, kisha akahesabiwa noti mkononi.

Njia hiyo ilikuwa na sababu yake. Wakati wa Zaire pesa ilipoteza thamani, watu wakaacha kuamini benki, na matawi mengi yakafungwa. Mwaka 1998 franga ya Kongo ililetwa, lakini mishahara iliendelea kusafiri kwa noti kutoka Kinshasa hadi mkoani, kutoka mkoani hadi wilayani. Kila mkono uliopitiwa uliweza kupunguza kitu. Kwenye listi yalibaki majina ya marehemu na ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona kazini.

Je, wahasibu hawakujua kompyuta? Si hilo tu. Mhasibu naye alilipwa kidogo, na meza ile ilimpa heshima na mara nyingine chakula cha nyumbani. Chombo kipya kilikuja kumnyang'anya meza. Semina peke yake haiwezi kumfanya mtu akubali jambo kama hilo.

Mabadiliko yalitoka juu. Mwaka 2011 Augustin Matata Ponyo, akiwa waziri wa fedha, alianzisha mpango wa kulipa watumishi wa serikali kupitia akaunti za benki. Mwaka 2012 akawa waziri mkuu, akauendeleza. Amri hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu noti zenyewe ziliondolewa mezani: listi ilienda benki, na mhasibu akabaki na kazi ya kukagua majina.

Lakini amri haijengi tawi la benki. Bukavu mjini benki zilikuwepo. Mwalimu wa Shabunda je? Alikuwa na akaunti, lakini pesa ilikuwa mbali, na safari ilikula sehemu ya mshahara. Ndiyo maana Caritas na kampuni za simu zilipewa kazi ya kulipa mahali pasipo na benki. Pesa ya simu ilikuwa imeshapata njia Kenya tangu 2007, M-Pesa ilipoanza na Benki Kuu ya huko ikakubali ijaribiwe. Mabenki yalipolalamika, wizara ya fedha iliagiza ukaguzi mwishoni mwa 2008, na huduma ikaendelea. Hapa kwetu kampuni za simu zilifungua huduma hiyo mwaka 2012.

Kisha ukaja mwezi wa pili 2025. AFC/M23 waliingia Bukavu, benki zikafunga milango. Wafanyakazi wakawa na pesa kwenye akaunti wasiyoweza kuigusa. Simu ikabaki mlango uliokuwa wazi, ingawa noti zilikuwa haba na wakala mwenye nazo aliweza kudai kamisheni kubwa. Siku kama hizo si za kuanza kumfundisha karani kulipa kwa simu. Mkuu anayengoja shida ifike amechelewa.

Historia hii inawaambia nini wakuu wa shule, hospitali na mashirika yetu? Kwanza, mkuu apokee mshahara wake kwa njia ile ile anayowaagiza wengine. Pili, awaeleze watu wa kasha kazi yao mpya itakuwa ipi, wasione kama wanafukuzwa. Tatu, amtaje mtu wa kupokea malalamiko pesa isipofika. Nne, aandae njia ya pili kabla ya ya kwanza kukatika.

Na nyinyi mliohama, lindeni namba zenu za simu, kwa sababu ndizo zinazojulikana kwenye listi za malipo. Msimpe wakala namba ya siri. Mulizeni kamisheni yake kabla ya kutoa pesa, si baada yake.