Gasenyi na Majirani Zake: Bujumbura Ilivyogawanywa, Ilivyounganishwa Tena

Gasenyi ni mtaa wa Gihosha, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, ng'ambo ya mto Ntahangwa kwa anayetoka katikati ya jiji. Gihosha inapakana na Kamenge, na pamoja na Kinama, Cibitoke, Ngagara na Buterere ndiyo mitaa mikuu ya kaskazini. Katika miaka ya 1990 mitaa hii ilijulikana kote Afrika Mashariki kwa mapigano kati ya majirani Wahutu na Watutsi. Historia yake inaonyesha kuwa ubaguzi kati ya makundi hayo ulijengwa hatua kwa hatua, kwa madaftari, ramani na baadaye bunduki. Kuupunguza nako kulihitaji kazi ya namna hiyo hiyo: mahali pa kukutania, vyombo vya habari vya pamoja na kanuni za kugawana madaraka.

Kabla ya ukoloni, Wahutu, Watutsi na Watwa wa ufalme wa Burundi walizungumza lugha moja, Kirundi, waliishi kwenye vilima vilevile na walimtambua mfalme mmoja, mwami. Watawala walitoka katika ukoo wa kifalme wa Waganwa, uliohesabiwa kuwa kundi la pekee. Magomvi ya ardhi na ya ndoa yaliamuliwa na bashingantahe, wazee walioteuliwa kwa uadilifu wao, Wahutu kwa Watutsi. Usawa kamili haukuwapo. Watwa walidharauliwa na kukwepwa, hata kula nao chombo kimoja ilikuwa mwiko kwa wengi. Hata hivyo, vita vya kundi zima la Wahutu dhidi ya kundi zima la Watutsi havikujulikana.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka nchi, kisha wakaitawala Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi kwa pamoja, kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Walikuja na nadharia ya rangi iliyoenea Ulaya wakati huo, iliyodai kuwa Watutsi ni watu wa asili nyingine, waliozaliwa kutawala, na Wahutu ni wa kutawaliwa. Nadharia hiyo ikawa sera. Mwaka 1929 machifu Wahutu walikuwa karibu mmoja kati ya kila watano. Kufikia mwaka 1945, baada ya mageuzi ya utawala, hakubaki hata mmoja. Nafasi za shule na ajira zilifuata mkondo huohuo, na kundi la mtu likawa ndilo linalompandisha au kumzuia.

Mji wenyewe uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Rohero, penye barabara pana na bustani. Wahindi na Waarabu walikuwa na mtaa wao wa biashara. Waafrika walipangiwa Buyenzi na Belge, ambayo sasa inaitwa Bwiza, na viwanja vyao vilipimwa kwa mistari iliyonyooka na njia zilizopewa namba. Katika miaka ya 1950 nyumba za Waafrika zilivuka Ntahangwa na kuingia Ngagara na Kamenge. Kwa hiyo mipaka ya mitaa ilikwishakuwa mipaka ya hadhi kabla Wahutu na Watutsi hawajaanza kuhesabiana ndani yake.

Harakati za uhuru zilitoa nafasi ya kuvuka mipaka hiyo. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliungwa mkono sana na Waswahili wa Buyenzi, na chama chake cha UPRONA kilikusanya Waganwa, Wahutu na Watutsi. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 kilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo Rwagasore aliuawa, na miezi michache tu baadaye umoja ulianza kuvunjika. Januari 1962 vijana wa chama waliwaua viongozi Wahutu wa wafanyakazi huko Kamenge. Mwaka 1965 waziri mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa pia. Mwaka 1972, chini ya Rais Michel Micombero, uasi wa Wahutu kusini mwa nchi ulioua Watutsi wengi ulifuatwa na mauaji makubwa ya Wahutu, hasa wasomi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huyaita maafa hayo ikiza, na kwa miaka mingi hayakuruhusiwa kuzungumzwa hadharani.

Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais, alichaguliwa Juni 1993 na kuuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993. Watutsi wengi waliuawa vijijini, jeshi nalo likawaua Wahutu, na vita vikaingia mjini. Kati ya 1994 na 1996 makundi ya vijana wenye silaha yalisafisha mitaa, kila kundi likiwafukuza wa kabila jingine. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, kisha jeshi likaivamia Kamenge mwaka 1995 na wakazi wakakimbilia vilimani. Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Bwiza, uliokuwa mtaa wa mchanganyiko, ulipoteza Wahutu wake mwezi Machi 1995. Kuvuka barabara moja kulitosha kumgharimu mtu maisha yake.

Buyenzi haikugawanyika kwa kiwango hicho. Wengi wa wakazi wake walikuwa Waislamu wenye kuzungumza Kiswahili, waliooana kwa vizazi, wakasali msikiti mmoja na kufanya biashara pamoja. Mtu alijulikana kwanza kuwa Mswahili wa Buyenzi, ndipo yakafuata mengine. Uhusiano wa aina hiyo ulikuwa umeota kwa miaka mingi. Mitaa mingine ilihitaji kuutengeneza upya.

Kazi hiyo ilianzia Kamenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya vita kuanza, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waksaveri walifungua Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana wa mitaa yote sita ya kaskazini, Gihosha ikiwemo. Vijana Wahutu na Watutsi walicheza mpira pamoja, wakatumia maktaba moja, wakajifunza lugha na ufundi. Walishiriki pia katika kambi za kazi, wakijenga upya nyumba zilizobomolewa vitani. Hapo mahubiri yalikuwa machache kuliko shughuli, kwa sababu timu ya mpira au ukuta wa matofali hauwezi kukamilika kwa kabila moja ikiwa waliojiandikisha ni wa makabila yote. Mwaka 2002 kituo kilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Redio ilifika pale ambapo miguu haikuthubutu kufika. Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, wakati kumbukumbu ya redio ya chuki ya Rwanda ilikuwa bado mbichi. Waandishi wake Wahutu na Watutsi walikusanya habari pamoja, kila mmoja akiweza kuingia mahali ambapo mwenzake asingeaminiwa. Tangu mwaka 1997 ilitayarisha mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia jirani za makabila mawili.

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uligeuza juhudi hizi kuwa sheria. Usuluhishi ulianzwa na Mwalimu Julius Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999 ukamalizwa na Nelson Mandela. Mkataba ulitamka kwamba mgogoro kimsingi ni wa kisiasa, ingawa una sura nzito ya kikabila. Katiba ya mwaka 2005 iliweka asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi katika serikali na Bunge, nusu kwa nusu katika Seneti na vyombo vya ulinzi, na wabunge 3 na maseneta 3 Watwa. Vyama vililazimika kuchanganya makabila katika orodha za wagombea.

Mwaka 2014 tarafa 13 za jiji ziliunganishwa kuwa 3. Mitaa sita ya kaskazini ikawa tarafa moja ya Ntahangwa, hivyo Kamenge na Ngagara, zilizokuwa zikipigana, zikawa na utawala mmoja. Ndani ya tarafa hiyo, huko Gasenyi, ilijengwa ikulu mpya kwa msaada wa China. Ilikabidhiwa mwaka 2019 na kupewa jina la Ntare Rushatsi, mfalme anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Burundi. Machafuko ya mwaka 2015 yaliua wengi katika mitaa ya jiji, lakini waliopinga serikali walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja, na mpasuko ulifuata zaidi siasa.

Kazi haijaisha. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilifukua mwaka 2020 mabaki ya zaidi ya watu 6,000 katika makaburi ya pamoja huko Karusi, na wapo wanaolalamika kwamba inachunguza zaidi mwaka 1972 kuliko 1993. Katiba ya mwaka 2018 iliipa Seneti jukumu la kutathmini ndani ya miaka 5 kama mgawo wa kikabila uendelee. Watwa wengi bado hawana ardhi ya kutosha, na viti vyao bungeni havijaondoa dharau wanayokutana nayo mitaani.