Silinda Nne na Mbio za Daytona

Kaeni karibu na redio, na karatasi hii iwe mbele yenu, ili mfuate maneno kwa macho huku mkiyasikia kwa masikio. Leo katika somo letu la historia hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za pikipiki, na za watu wachache waliobishana juu ya pikipiki hiyo, mmoja wao akitaka iende mbio zaidi na mwingine akitaka ipunguze mwendo.

Pengine mmoja wenu atauliza, je, pikipiki nayo ina historia? Ndiyo, inayo.

Tuanze na injini yenyewe. Pikipiki nyingi mnazoziona barabarani kwetu zina silinda moja. Silinda ni tundu la chuma lililo laini ndani, na ndani yake pistoni hupanda na kushuka, mfano wa mchi katika kinu. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia kwa juu, cheche ya plagi huiwasha, na moto ule huisukuma pistoni chini. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha gurudumu.

Sasa, mtu akitaka nguvu zaidi afanye nini? Anaweza kutengeneza silinda moja kubwa. Lakini pistoni kubwa ni nzito, na kitu kizito hakipendi kupanda na kushuka upesi. Kwa hiyo watu wengine walifikiri njia nyingine, ya kuchukua silinda nne ndogo na kuzifunga pamoja. Kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilitoa pikipiki ya namna hiyo mwaka 1905. Baadaye Waitalia, hasa Gilera na MV Agusta, walishinda mbio nyingi kwa silinda nne zilizopangwa safu moja kukata pikipiki kwa upana. Lakini mashine hizo zilikuwa za mashindano. Mtu wa kawaida aliziona zikipita tu.

Hapo ndipo linapoingia jina la Soichiro Honda wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1906, mtoto wa mhunzi. Baada ya vita kuu ya pili nchi yake ilikuwa magofu, na usafiri ulikuwa wa taabu. Mwaka 1946 Bwana Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikitoa umeme wa redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli na kuziuza. (Nanyi mnaosoma kwa redio, mwone kwamba redio nayo ina sehemu yake katika habari hii.) Mwaka 1948 alianzisha kampuni yake. Mwaka 1961 pikipiki yake ya silinda nne ya cc 250 ilimpa Mwingereza Mike Hailwood ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata ubingwa huo ulichukuliwa na Jim Redman, ambaye alizaliwa London lakini alihamia Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe.

Mwezi wa Oktoba 1968, katika maonyesho ya Tokyo, kampuni hiyo ilionyesha pikipiki iliyoitwa CB750, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1969. Ilikuwa na silinda nne, ukubwa wa cc 736, nguvu za farasi 67, na breki ya sahani gurudumu la mbele. Wenyewe hawakuwa na hakika kwamba itanunuliwa, hata injini zaidi ya 7,000 za kwanza ganda lake lilimiminwa kwa njia isiyohitaji kalibu za gharama kubwa. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Watu waliigombea.

Lakini kuwa na silinda nne si sawa na kuwa na nguvu za silinda nne. Mimi ni mwalimu wa historia, si fundi, na jambo hili sikulifahamu mpaka nilipoelezwa. Fikirini watu wanne wanaobeba jeneza. Mmoja akiwa mfupi, au akichelewa hatua, mzigo wote huyumba, na wale watatu huchoka kwa kosa la mmoja. Silinda nne ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kazi ambayo mafundi huiita kutyuni, yaani kurekebisha injini mpaka sehemu zake zipatane, katika pikipiki ya silinda nne ni kwanza kazi ya kuzisawazisha.

Fundi huanza injini ikiwa baridi. Hupima nafasi ya valvu, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Katika CB750 valvu ya kuingiza hupewa nafasi ya milimeta 0.05, na ya kutoa milimeta 0.08. Karatasi ya daftari lenu ni karibu milimeta 0.1, basi pimeni wenyewe udogo wa nafasi hiyo. Kisha huitega cheche iwake kwa wakati wake. Injini hii ina pointi za jozi mbili, jozi moja ikiwasha silinda ya 1 na ya 4, nyingine ikiwasha ya 2 na ya 3. Akikosea jozi moja, silinda mbili hutangulia au huchelewa kuliko wenzao.

Mwisho, na mwisho tu, hugusa kabureta. Kila silinda ina kabureta yake. Fundi huunganisha mipira minne kutoka kwenye kabureta hadi kwenye vipimo vinne, na kuona kila silinda inavuta hewa kwa nguvu gani. Huongeza hapa, hupunguza pale, mpaka vipimo vyote vinne visimame mahali pamoja. Katika zile pikipiki za kwanza kabisa kazi hii ilikuwa na udhia, maana kila kabureta ilivutwa na waya wake, na waya mmoja ukilegea kidogo tu, usawa wote hupotea. Anayeanza na kabureta kabla ya valvu na cheche hujisumbua bure, kwani atakuwa akisawazisha kosa.

Sasa hesabu ndogo. Injini hii ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Basi ni mara 4,000 kwa kila silinda, na kwa zote nne mara 16,000 kwa dakika moja. Gawanyeni kwa 60, mtapata zaidi ya mara 266 kwa sekunde.

Twende Marekani, katika jimbo la Florida, mji wa Daytona Beach. Huko kuna mbio za maili 200 za kila mwaka. Uwanja wake una kona zilizoinuka upande mmoja kama ukingo wa bakuli, hata mwendeshaji huzipita bila kupunguza sana mwendo. Jambo hilo ni zuri kwa mtazamaji, lakini ni adhabu kwa injini, maana hukaa muda mrefu ikizunguka kwa kasi ya juu bila kupumzika. Mwaka 1970 sheria za mbio za Marekani zilibadilishwa, na injini za cc 750 za namna zote zikaruhusiwa. Honda ikaleta pikipiki nne, zilizotokana na CB750 na kuongezwa nguvu kufika kama farasi 90.

Tatu zilikuwa mikononi mwa timu iliyotoka Uingereza, na waendeshaji wake walikuwa Ralph Bryans, bingwa wa dunia wa cc 50 wa mwaka 1965, Tommy Robb na Bill Smith. Ya nne ilisimamiwa na Mmarekani Bob Hansen, na mwendeshaji wake alikuwa Dick Mann, mwenye umri wa miaka 35. Katika mchezo huo, mtu wa umri huo alihesabiwa kuwa mzee.

Katika siku za majaribio oili ya pikipiki ilimwagwa, na ndani yake vikaonekana vipande vidogo vya mpira. Mpira wa nini ndani ya injini? Ninyi mnaofanya kazi ya ufundi mmekwisha kujua. Katikati ya injini hii, baina ya silinda ya 2 na ya 3, hupita cheni ndefu inayoendesha valvu kule juu. Cheni hiyo hukazwa na kifaa chenye mpira. Mpira ule ulikuwa unamomonyoka. Ukiisha, cheni hulegea, valvu husahau wakati wake, na mwishowe pistoni hugongana na valvu. Injini ikikamata ghafula katika mwendo ule, gurudumu la nyuma hukamata nalo, na mwendeshaji hutupwa. Hansen na mafundi wake wakaifungua injini ya Mann kabla ya mbio, wakatia kifaa kipya. Lakini kipya nacho kilikuwa cha mpira uleule. Hawakuwa wameponya ugonjwa, walikuwa wamenunua muda.

Mbio zilikuwa Jumapili, tarehe 15 Machi 1970. Zile Honda tatu nyingine hazikumaliza. Hailwood juu ya BSA, na Gary Nixon juu ya Triumph, walikuwa mbele kwa muda, kisha injini zao zikawashinda. Mann akabaki anaongoza. Nyuma yake alikuwa Gene Romero juu ya Triumph, naye alikuwa anakaribia kila mzunguko.

Hapa ndipo palipotokea ubishi. Mkubwa mmoja wa kiwanda kutoka Japani aliona nafasi inapungua, akataka Mann apewe ishara ya kuongeza mwendo. Hansen alikataa. Alijua kilichomo ndani ya injini ile. Alijua pia kwamba kazi yake mwenyewe imo hatarini kwa kumkatalia mkubwa. Hata hivyo ishara aliyoitoa ni ya kwenda taratibu, kwa hesabu, ili mashine ifike. Mimi naona hapo palihitaji moyo kuliko pale kwenye kona. Mann, ambaye alikuwa akijua injini kwa mikono yake, aliisikia ikidhoofika, akailea kama mtu anayemfikisha mgonjwa hospitali. Akamaliza wa kwanza, mbele ya Romero kwa sekunde kama 10, na wastani wake ulipita maili 100 kwa saa.

Tangu siku ile CB750 iliuzwa kwa jina la mashine iliyoshinda Daytona, na viwanda vingine vya Japani navyo vikatengeneza pikipiki za silinda nne. Matangazo hayakutaja mpira.

Pikipiki hizo za mwaka 1969 na 1970 bado zinashindana, katika mbio za mashine za zamani huko Marekani, Ulaya na Japani. Mafundi wake hutoboa silinda kutoka kipenyo cha milimeta 61 mpaka 65, na kwa hiyo cc 736 huwa 836. Nguvu huongezeka, lakini kuta za silinda huwa nyembamba na joto hupanda. Huikagua pia cheni ya gurudumu la nyuma, kwa sababu katika zile za kwanza ilipata kukatika na kuvunja ganda la injini. Na mbio zikiisha, kabla hawajala, humwaga oili katika karai safi, wakasogeza taa, wakaichuja kwa kitambaa, wakitafuta chembe nyeusi za mpira.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini.