Kutoka harufu ya peremende hadi vipimo vya usiku

Mwishoni mwa karne ya 19, bwana afya wa Uingereza aliyeshuku kwamba bomba la majitaka la nyumba fulani linavuja alipanda juu ya paa, akamimina mdomoni mwa bomba mafuta ya peremende na ndoo ya maji ya moto. Mwenzake alikuwa ndani, madirisha yamefungwa, akinusa chumba baada ya chumba. Aliyemimina alikaa nje mpaka kazi iishe, asije akaingia na harufu nguoni.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1855, mpimaji Jehoshaphat York alifukua shimo la choo katika nyumba namba 40, Broad Street, London, akakuta matofali yameoza na uchafu unapenya kuelekea kisima kilichokuwa umbali usiofika mita moja. Kipindupindu cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimeua zaidi ya watu 600 katika eneo hilo.

Lakini pua haiwezi kukagua mabomba ya mji mzima yaliyofukiwa chini ya barabara. Ilibidi mtiririko wenyewe upimwe, na ujuzi huo ulitoka mashambani. Huko Colorado, Marekani, Ralph Parshall aliyeshughulikia maji ya umwagiliaji alibuni mfereji uliobanwa katikati. Kina cha maji mahali pamoja tu kinatosha kuonyesha kiasi kinachopita. Alipata hataza yake mwaka 1922, na wahandisi wa majitaka wakauchukua. Miaka ya 1930, wahandisi Palmer na Bowlus wa Los Angeles walibuni mfereji wa kwao, unaotoshea ndani ya chemba bila kuvunja bomba.

Kilichoifanya kazi hiyo kuwa ya lazima ni fedha. Sheria ya maji safi ya Marekani ya 1972 iliagiza kwamba kuanzia Julai 1973 mji usipewe ruzuku ya mtambo wa majitaka kabla ya kuonyesha kuwa mabomba yake hayaingizi maji ya nje kupita kiasi. Bomba bovu lililozama katika maji ya ardhini halivuji kwenda nje, bali huyanyonya maji hayo, na wananchi hulipia kusafisha maji ambayo hakuna aliyeyachafua.

Ndipo usiku ukawa na thamani. Kati ya saa nane na saa kumi watu wamelala, na sehemu kubwa ya kinachotiririka ni maji ya ardhini. Ukipima chemba mbili zinazofuatana, ongezeko ambalo nyumba za hapo kati haziwezi kulieleza linakuonyesha penye ufa. Mvua nayo hutoa ushahidi: mtiririko ukipanda papo hapo, kuna mifereji ya paa iliyounganishwa na bomba, ukipanda polepole kwa siku kadhaa, ni nyufa. Mgumu kukamatwa ni uvujaji wa kwenda nje, kwa kuwa upungufu mdogo hupotea ndani ya kosa la kipimo chenyewe.

Leo vihisi vya mawimbi ya sauti hutuma vipimo ofisini bila mtu kushuka chemba, lakini hesabu ni ileile. Mji wowote unaoomba fedha za kupanua mtambo wake uulizwe kwanza vipimo vyake vya saa tisa usiku viko wapi.