Kutoka Galoni hadi Uniti: Historia ya Matarajio ya Madereva wa Jinja na Mbale kuhusu Ulaji wa Mafuta

Utangulizi

Gari litokalo Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga, Namutumba, Tirinyi na Budaka husafiri takriban kilomita 150. Dereva wa njia hiyo ni nadra kutaja idadi ya lita anazohitaji. Kituoni hununua mafuta ya shilingi elfu hamsini, kisha hutarajia yamfikishe. Makala hii inachunguza jinsi matarajio hayo yalivyojengeka kihistoria na jinsi lugha ilivyoyahifadhi. Hoja yake kuu ni kwamba dereva wa mashariki mwa Uganda hapimi gari peke yake. Hupima gari, bei na uhakika wa kupatikana kwa mafuta kwa kipimo kimoja, nacho ni pesa. Sera inayokusudia kupunguza matumizi ya mafuta haina budi kuanzia hapo.

Enzi ya reli na galoni

Miji hii miwili ilikuzwa na pamba, kahawa na reli. Reli ya Busoga, iliyounganisha Jinja na Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912. Mbale ilifikiwa na reli kupitia Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na daraja la reli juu ya mto Nile huko Jinja likakamilika mwaka 1931. Malori yalikuwa wasaidizi wa reli: yalikusanya mazao vijijini na kuyafikisha stesheni. Kipimo rasmi cha zama hizo kilikuwa maili kwa galoni. Gari lililosifiwa kwa kwenda maili 30 kwa galoni moja ya Kiingereza lilikuwa, kwa hesabu ya leo, likienda kilomita 10.6 kwa lita. Baada ya uhuru, nchi za Afrika Mashariki ziliacha maili na galoni zikachukua kilomita na lita. Hata hivyo, badiliko lililoathiri zaidi fikra za madereva halikuwa la vipimo, bali la uhaba.

Uhaba na msamiati wake

Uganda haina bandari ya bahari, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mafuta yake imepitia Mombasa na kuvuka mpaka wa Kenya. Kwa hiyo kila msukosuko njiani huonekana katika tangi la dereva. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kwa jina la Vita vya Uchumi, na biashara ya magari na vipuri ikayumba. Mwaka uliofuata, bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Julai 1976, baada ya tukio la Entebbe, uhusiano na Kenya uliharibika na mafuta yakaadimika nchini.

Kipindi hicho kiliacha maneno mawili ya Kiswahili katika lugha za Waganda wengi. La kwanza ni *magendo*, lililotoka kwenye maana ya kuvusha bidhaa kwa siri likawa jina la uchumi mzima wa ulanguzi. La pili ni *mafuta mingi*, jina la watu waliotajirika upesi kwa mali zilizoachwa na waliofukuzwa. Usemi huo wa pili asili yake ni unono, si petroli. Sarufi yake ni ya Kiswahili cha Uganda, kwani Kiswahili sanifu kingesema *mafuta mengi*. Lakini ni jambo la kuzingatiwa kwamba neno linalotaja shahamu, mafuta ya kupikia na petroli kwa pamoja ndilo lililochaguliwa kuutaja utajiri, katika miaka ambayo vyote hivyo vilikuwa vigumu kupatikana.

Msukosuko haukuishia hapo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilikata njia ya mafuta na bei ikaruka. Januari 2022, mgomo wa madereva wa malori mpakani kuhusu vipimo vya Uviko-19 ulileta hali kama hiyo. Dereva aliyepitia nyakati hizo hujifunza kwamba gari zuri ni lile litakalomfikisha hata mafuta yakipungua.

Kikumi na kilomita kwa lita

Tangu miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yameenea kote nchini. Toyota Corolla ya toleo lenye namba 100 ilipewa jina *Kikumi*, kutokana na neno la Kiganda la mia. Magari hayo yalikuja na desturi ya Kijapani ya kutaja kilomita kwa lita. Takwimu hizo, hata hivyo, hupatikana kwa majaribio ya maabara, kwa gari jipya. Gari lililokwisha kutembea miaka kumi, likipakia abiria na mizigo kutoka Mbale hadi miinuko ya Kapchorwa, haliwezi kuzifikia. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Hatua hiyo ilidhibiti umri, lakini umri pekee haumwambii mnunuzi gari litamgharimu kiasi gani barabarani.

Ulaji na ufanisi

Kiswahili kina njia mbili za kulisema jambo hili. Gari *linakula* mafuta, au gari *linakwenda mbali*. Njia ya kwanza inalingana na kipimo cha lita kwa kilomita 100, kinachotumika sana katika tafiti za sera. Namba ikipanda, hali ni mbaya. Ya pili inalingana na kilomita kwa lita. Namba ikipanda, hali ni njema. Napendekeza istilahi *ulaji wa mafuta* itengwe kwa kipimo cha kwanza na *ufanisi wa mafuta* kwa cha pili, kwa kuwa kuzichanganya huzaa makosa ya kisera.

Tuchukue safari ya kilomita 150. Gari likiboreshwa kutoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita, huokoa lita 3.75. Likiboreshwa kutoka 16 hadi 20, huokoa takriban lita 1.9 tu, ijapokuwa ongezeko la namba ni maradufu. Faida kubwa, basi, imo katika kuyaondoa magari yenye ulaji mkubwa kabisa. Kipimo cha ufanisi huificha faida hiyo. Kipimo cha ulaji huifichua.

Kipimo cha pesa nacho kina mtego wake. Tuseme lita ni shilingi 5,000 na gari linakwenda kilomita 15 kwa lita: elfu hamsini itamfikisha dereva Mbale. Bei ikipanda hadi 6,000, pesa zile zile zitaisha kilomita 25 kabla ya Mbale. Dereva atasema gari limeanza kula mafuta, ilhali injini haijabadilika. Lugha hulilaumu gari kwa kosa la bei, na fundi huitwa kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Hitimisho

Kiswahili kilitambuliwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kuimarisha matumizi na ufundishaji wake. Utambuzi huo utakuwa na uzito iwapo utafika kwenye kioo cha gari linalouzwa. Makala hii inapendekeza lebo ya Kiswahili na lugha za eneo, inayotaja ulaji kwa lita katika safari inayofahamika, kama Jinja hadi Mbale, na kumwachia mnunuzi azidishe kwa bei ya siku hiyo.

Haja hiyo ni ya haraka. Jinja, mji wa bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954, sasa una kiwanda cha mabasi ya umeme cha Kiira Motors. Madereva wataanza kuuliza uniti moja inafika wapi. Tukichelewa kuwapa istilahi, watajitungia zao, na uhaba ndio utakaowafundisha tena, kama ulivyowafundisha baba zao.