Kinga ya meno ya usiku: taya hutulia, na shingo je?

Mnaosaga meno usingizini mmetuuliza kama kile kifuniko cha plastiki ngumu anachotengeneza daktari wa meno ni dawa. Kinalinda meno yasilike, hilo halina ubishi. Kuhusu misuli, vipimo vya umeme wake vimeonyesha kwamba ule wa shavu na wa panja hutulia kwa baadhi ya watu, ila mara nyingi kwa wiki chache tu, kisha kusaga hurudi. Kifuniko laini, ambacho wengi hukipenda, kwa wengine huongeza kazi ya misuli hiyo. Misuli ya shingo nayo hukaza tunapouma meno kwa nguvu, lakini ushahidi kwamba kifuniko huilegeza bado ni hafifu. Mdomo ukigoma kufunguka, rudi kwa daktari.